Katavi Iwafundishe Vijana Wake Kujenga Saketi

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na kwa sehemu kubwa ya umri wake taa za mji wake wa Mpanda zimewashwa na majenereta ya dizeli. Hali hiyo inabadilika. Njia ya umeme ya kilovolti 132 inayotoka Tabora na kupita Ipole na Inyonga imejengwa ili kuuingiza mkoa kwenye Gridi ya Taifa. Karema imepata bandari mpya ya Ziwa Tanganyika. Mpunga wa Mpimbwe unakobolewa kwa mashine, na katika vijiji vilivyo mbali na nguzo za umeme kazi nyingi zinategemea sola. Maendeleo haya yana sehemu inayoonekana, yaani nguzo, mabomba, gati na mota. Sehemu nyingine imefungwa ndani ya kiboksi kidogo ukutani, na hiyo ndiyo inayoamua pampu iwake lini, betri ichajiwe hadi kiwango gani, na mota izimwe kabla haijaungua. Ile ya kwanza tunaizindua kwa hotuba. Hii ya pili tunaipokea kimya, na ikiharibika tunasubiri mtu atoke mbali, au tunatupa kiboksi na kununua kingine. Hoja yangu ni kwamba vijana wa Katavi wafundishwe kubuni na kujenga saketi za namna hiyo kwa mikono yao, kuanzia chini kabisa, kwa milango ya mantiki na seli za kumbukumbu. Jambo hilo liko ndani ya uwezo wa mkoa huu leo, na kulichelewesha kuna gharama tunayoilipa tayari.

Tuanze na vitu vyenyewe, maana hofu nyingi juu ya elektroniki inatokana na kudhani kwamba ndani ya kiboksi kuna siri isiyoelezeka. Mlango wa mantiki ni saketi ndogo yenye nyaya za kuingilia na waya mmoja wa kutokea, na kila waya una hali mbili tu, 1 ukiwa na volti na 0 usipokuwa nayo. Mlango wa NA hutoa 1 pale tu nyaya zote za kuingilia zinapokuwa 1. Mlango wa AU hutoa 1 ikiwa walau waya mmoja una 1. Mlango wa SI hugeuza ulichopewa. Mwanahisabati George Boole aliandika aljebra ya maamuzi ya aina hii mwaka 1854 bila kuwa na umeme akilini. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba saketi za swichi zinatii aljebra hiyohiyo, na tangu hapo mashine ya kuamua ikawa kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Zaidi ya hayo, huhitaji hata aina tatu za milango. Ukiwa na aina moja tu, ile ya NAND, ambayo ni NA iliyogeuzwa, au ya NOR, ambayo ni AU iliyogeuzwa, unaweza kujenga nyingine zote. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo 11 hadi mwezini mwaka 1969 ilijengwa mantiki yake kwa milango ya NOR peke yake, katika chipu zipatazo 2,800. Kwa hiyo msingi wa elimu hii si mpana. Ni mwembamba, na kila aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuushika.

Sasa tuuweke msingi huo kazini. Chukua tangi la maji la kijiji linalojazwa na pampu. Ndani yake kuna maboya mawili yenye swichi, moja chini na jingine juu. Maji yakiwa chini ya maboya yote, pampu iwake. Yakifunika maboya yote, pampu izime. Je, yakifunika boya la chini na kuacha la juu kavu? Hapo milango peke yake haina jibu, kwa sababu jibu linategemea yaliyopita. Ikiwa tangi lilikuwa linajazwa, pampu iendelee. Ikiwa lilikwisha kujaa na watu wanachota, pampu ikae kimya hadi maji yashuke. Bila kumbukumbu, pampu ingewaka na kuzimika kila ndoo moja inapochotwa, na mota isingemaliza msimu. Inabaki hali ya nne, ambayo mtu asiyeandika jedwali hataifikiria kabisa: boya la juu limelowa na la chini ni kavu. Maji hayawezi kukaa hivyo. Maana yake swichi moja imekufa au waya umekatika, na saketi nzuri huzima pampu na kuwasha taa ya hatari. Jedwali lenye mistari minne limemlazimisha mbunifu kujibu swali ambalo kijiji kingekutana nalo siku ya ajali. Hapa ndipo thamani ya elimu hii ilipo. Anayebuni saketi hawezi kuruka mstari, kwani mashine itafanya kitu katika kila hali, iwe ameifikiria au hakuifikiria.

Kumbukumbu inayohitajika hapo ni biti moja, yaani 0 au 1, na hujengwa kwa milango miwili ya NAND, kila mmoja ukirudisha jibu lake kwenye mwingine. Milango hiyo ikishakubaliana kuwa 1, inabaki 1 hata baada ya aliyetoa amri kunyamaza, hadi amri nyingine ije kuibadilisha. William Eccles na Frank Jordan wa Uingereza waliibuni saketi ya tabia hii mwaka 1918 kwa valvu za redio, na wazao wake ndio flipuflopu zilizomo ndani ya kila simu na kila kompyuta. Lakini kumbukumbu ya aina hii ina udhaifu unaogusa mahali kama Mpanda moja kwa moja. Umeme ukikatika, inasahau. Umeme ukirudi, huamka ikiwa 0 au 1 bila mtu kujua ni ipi. Katika mji uliozoea kukatikiwa umeme, mbunifu hana haki ya kulichukulia hilo kama jambo dogo. Lazima aweke saketi ya kuamsha, mara nyingi rezista moja na kapasita moja, inayoilazimisha kila flipuflopu kuanza katika hali iliyo salama, yaani pampu ikiwa imezimwa. Kiboksi kilichobuniwa kwa ajili ya mji ambao umeme haukatiki kinaweza kupuuza jambo hilo na kisionyeshe kasoro yoyote siku ya majaribio. Anayejua kuuliza, "Umeme ukirudi, mashine hii inaanza wapi?" ameokoa mota kabla ya kuinunua.

Kisha kuna saa. Saketi yenye kumbukumbu nyingi huleta tatizo jipya, kwa sababu milango haijibu papo hapo. Kila mlango una ucheleweshaji wake, pengine sehemu ndogo sana ya milioni moja ya sekunde, na njia ndefu yenye milango mingi huchelewa kuliko fupi. Kwa muda huo mfupi saketi husema uongo, kwani baadhi ya nyaya zimekwisha kubadilika na nyingine bado. Tiba iliyokubalika duniani kote ni kuzifunga kumbukumbu zote kwenye mpigo mmoja wa saa. Milango huachwa ibishane na kutulia kati ya mpigo na mpigo, na kumbukumbu husoma jibu pale tu mpigo unapofika. Wakulima wa Kisukuma walioingia Katavi walikuja na desturi ya kulima kwa bugobogobo, ambapo ngoma ndiyo inayosema jembe lishuke lini, na kwa kuwa yote hushuka pamoja hakuna anayemkata mwenzake. Mpigo wa saa katika saketi una kazi hiyohiyo. Kanuni yake ni fupi: muda kati ya mipigo uwe mrefu kuliko njia iliyo ndefu kupita zote, na ubaki na akiba kidogo. Atakayeizingatia anaweza kujenga saketi yenye mamilioni ya sehemu akiwa na uhakika. Atakayeipuuza atakuwa na mashine inayofanya kazi asubuhi na kukosea mchana wa jua kali, kwa sababu joto nalo huongeza ucheleweshaji.

Kwa saa na kumbukumbu, pampu yetu inaweza kupewa tabia iliyo kamili. Tuseme ina hali tatu, yaani inasubiri, inasukuma, na inapumzika dakika moja kabla ya kuruhusiwa kuwaka tena ili mota ipoe. Hali tatu zinahitaji flipuflopu mbili. Saa ya mpigo mmoja kwa sekunde ikihesabiwa na flipuflopu sita inatosha kupima dakika moja, kwa kuwa flipuflopu sita zina hali 64. Lakini flipuflopu mbili zina hali nne, nasi tumetumia tatu. Ile ya nne haikupewa kazi, na cheche ya radi inaweza kuitupa saketi humo. Ikiwa mbunifu hakuiandikia njia ya kutoka, mashine itakwama hapo hadi mtu aje kuizima kwa mkono. Mbunifu makini huandika mstari mmoja zaidi: hali isiyotumika irudi kwenye kusubiri. Vilevile boya halijui saa ya saketi, hivyo linaweza kubadilika katikati kabisa ya mpigo na kuiacha flipuflopu ikisitasita kati ya 0 na 1. Thomas Chaney na Charles Molnar walichapisha ushahidi wa hatari hiyo nchini Marekani mwaka 1973, na dawa ya kawaida ni kuipitisha ishara ya nje kwenye flipuflopu mbili mfululizo kabla ya kuiamini. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji hisabati ya chuo kikuu. Yanahitaji subira na jedwali, na mtu aliyeiona saketi ikikwama mbele ya macho yake.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni ya mafundi, raia wa kawaida hayamhusu. Ushahidi wa kinyume chake uliingia katika nyumba nyingi za nchi hii mwaka 2024. Anayenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, hupewa tokeni ya tarakimu 20, ambazo ni biti 66 zilizoandikwa kwa namba zetu za kawaida. Ndani ya biti hizo zimefichwa biti 24 zinazotaja dakika ambayo tokeni ilitolewa, zikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita hutunza dakika za tokeni ilizokwisha kupokea, na kwa kumbukumbu hiyo hukataa tokeni iliyokwisha kutumika au iliyo ya zamani mno. Sasa, biti 24 zinaweza kutaja dakika 16,777,216 tu, ambazo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Hesabu hiyo ilifika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo tokeni mpya zingeanza tena na sifuri, na mita ingeziona kama za mwaka 1993 na kuzikataa. Ndiyo sababu TANESCO iliwataka wateja waingize makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza tokeni ya umeme wenyewe, ili mita zipewe ufunguo mpya na hesabu mpya inayoanzia mwaka 2014. Hesabu hiyo nayo itajaa mwaka 2045.

Walioweka kiwango hicho Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakufanya uzembe. Tokeni ndefu zaidi ingewachosha wateja, na kila biti iliyopewa dakika ilinyang'anywa kitu kingine. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba uamuzi wa kuweka seli ngapi za kumbukumbu ni uamuzi unaoweza kuigusa jamii nzima miongo mitatu baadaye. Mwaka 2024 watu wengi walizipokea tarakimu hizo za ziada kwa mashaka, wengine wakidhani ni njia ya kuongezewa bei au ya kuibiwa. Mashaka yalikuwa ya haki, kwa sababu maelezo yaliyowafikia hayakugusa sababu yenyewe. Kijana aliyewahi kuunganisha flipuflopu nne, akaziona taa zikihesabu hadi 15 na kurudi 0, angeielewa habari hiyo mara moja na kuwaeleza majirani. Wala LUKU haiko peke yake. Mfumo wa GPS ulihesabu wiki kwa biti 10, na tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ilirudi sifuri kwa mara ya pili baada ya wiki 1,024. Kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32 tangu mwaka 1970 zitafika ukomo wao tarehe 19 Januari 2038. Mashine za aina hii ziko kazini katika mabenki, hospitali na mitambo, na lazima mahali fulani katika mkoa awepo mtu anayejua kuzitafuta kabla ya siku hiyo.

Historia yetu wenyewe ina onyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kuiingiza hazina katika hasara badala ya nafuu iliyotarajiwa. Wengi wanaikumbuka marufuku hiyo kama woga wa teknolojia. Mimi naisoma kama matokeo ya kununua mashine kabla ya kuwa na watu. Nchi iliyokuwa changa, yenye wahandisi wa kuhesabika, ilitegemea wauzaji na wataalamu wa nje kusema nini kimeharibika na kinahitaji nini, na mtu asiyeweza kubishana na muuzaji hubaki na chaguo mbili, kulipa au kukataa kila kitu. Tulikataa kila kitu, na tukapoteza miaka ambayo nchi nyingine zilikuwa zikijifunza. Katavi inaingiza mashine zake sasa, na haina sababu ya kurudia njia hiyo katika ngazi ya mkoa.

Pingamizi la kwanza lenye uzito linatoka kwa watu wa fani yenyewe. Wanasema kwamba enzi za kuunganisha milango zimepita, kwamba chipu moja inayoprogramiwa, kama zile za bodi za Arduino, inafanya kazi ya chipu ishirini kwa bei ndogo, na kwamba ni bora kijana afundishwe kuandika programu. Ni kweli kwamba anayetaka kuuza vidhibiti vya pampu leo atatumia chipu ya kuprogramiwa, na namshauri afanye hivyo. Lakini mimi nazungumzia tunakoanzia kufundisha. Chipu hiyo ndani yake ni milango, flipuflopu na saa. Inaamka katika hali fulani umeme unaporudi, hesabu zake hujaa na kurudi sifuri, na swichi inayotetemeka huihadaa kama inavyoihadaa saketi nyingine yoyote. Aliyeanza na programu hukutana na matatizo haya yakiwa yamevaa nguo nyingi, na mara nyingi hutatua kwa kubahatisha, kuongeza mstari hapa na kuchelewesha kidogo pale. Aliyeanza na milango ameyaona yakiwa uchi. Na kwa nini tusishuke zaidi, tuanze na transista? Kwa sababu mlango ndio ngazi ya chini kabisa ambayo mtu anaweza kuorodhesha kila kitu kinachowezekana kutokea, kwa penseli, na kuthibitisha kwamba hakuna alichosahau. Ukishuka hadi kwenye transista, unakutana na fizikia isiyoingia kwenye jedwali. Ukipanda hadi kwenye programu, hali zinakuwa nyingi kuliko karatasi.

Pingamizi la pili ni la umaskini, na linastahili heshima. Shule nyingi za mkoa zinahitaji madawati, vyoo na walimu wa sayansi. Je, ni haki kuzungumzia saketi? Nakubali kwamba choo kinatangulia. Lakini elimu hii ni miongoni mwa sayansi zenye gharama ndogo kufundishwa kwa vitendo. Haihitaji maabara yenye mabomba ya gesi wala kemikali zinazoisha. Chipu za familia ya CMOS 4000 hufanya kazi kwa umeme wa volti 3 hadi 15, hivyo betri ya volti 12 ya bodaboda au ya sola inatosha kabisa. Chipu ya 4011 ina milango minne ya NAND, ya 4013 ina flipuflopu mbili, na chipu ya 555 iliyoingia sokoni mwaka 1972 hutoa mipigo ya saa kwa kasi unayoitaka. Ongeza kibao cha kuchomekea vifaa bila kulehemu, taa ndogo za LED, rezista na nyaya, na darasa zima lina maabara inayoingia kwenye kasha la viatu na kutumika miaka mingi. Saa ikiwekwa mpigo mmoja kwa sekunde, mwanafunzi huona kwa macho kumbukumbu ikibadilika hatua kwa hatua, jambo ambalo kompyuta ya mamilioni ya shilingi haiwezi kumwonyesha. Upungufu halisi ni wa mwalimu anayejiamini, na huo unatibika kwa mafunzo ya likizo, kwa kuwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha sita tayari anafundisha milango na majedwali yake. Kinachokosekana ni hatua mbili za mbele, yaani kumbukumbu na saa, pamoja na ruhusa ya kuviunganisha vitu badala ya kuvichora ubaoni kwa ajili ya mtihani.

Wapo pia wanaosema tutawafundisha kisha waondoke kwenda Dar es Salaam, na kwamba hata wakibaki, vidhibiti kutoka China ni rahisi kuliko chochote watakachojenga. Baadhi wataondoka, kama wanavyoondoka wauguzi na walimu, na hatujawahi kuacha kufundisha uuguzi kwa sababu hiyo. Ama kuhusu bei, sidai kwamba Mpanda ishindane na viwanda vya Shenzhen. Saketi iliyojengwa shuleni ina kazi nyingine. Inazalisha mtu anayeweza kukagua kidhibiti kilichonunuliwa na kueleza kwa nini kimekwama, anayeweza kubadilisha sehemu ya bei ndogo badala ya kutupa bodi nzima, na anayeweza kuandika katika zabuni masharti yenye maana. Mamlaka ya maji inayoandika, "kidhibiti kianze pampu ikiwa imezimwa kila umeme unaporudi, na kitoe ishara ya hatari maboya yakipingana," imejilinda kuliko ile inayoandika, "kidhibiti kiwe cha kisasa." Na wanaotaka kwenda mbali zaidi wana mfano jirani. Nyeri nchini Kenya, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayofanya kazi ya semikonda. Mji huo si mkubwa, na kazi hiyo haikusubiri Nairobi ijae kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, na yote yana mwenyewe wa kuyaanza. Ofisi ya elimu ya mkoa ichague shule chache zenye kidato cha tano na sita pamoja na zile za mkondo wa amali, izipe makasha ya vifaa nilivyovitaja, na iweke mradi mmoja wa lazima kwa kila mwanafunzi wa fizikia au ufundi umeme: saketi yenye kumbukumbu na saa, iliyojengwa, iliyozimwa na kuwashwa mbele ya mwalimu, na kuelezwa kwa jedwali lisilo na mstari mtupu. Chuo cha VETA Mpanda kiwafundishe mafundi mambo hayohayo kwa Kiswahili, kwa vitini vilivyoandikwa vizuri, kwani fundi anayelielewa jedwali ni fundi tofauti na yule anayekumbuka rangi za nyaya. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, iliyopo Mpimbwe, ilete matatizo ya shambani, kama ukaushaji wa nafaka, umwagiliaji na mabani ya tumbaku, ambayo yote yanahitaji maamuzi ya kuwasha na kuzima kwa wakati. Mamlaka ya maji ya Mpanda na TANESCO nazo zitoe vidhibiti na mita zilizokufa, zilizofutiwa taarifa za wateja, ili vijana wazifungue na kujifunza jinsi wengine walivyobuni na mahali walipokosea. Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri viruhusiwe kuomba vifaa vya karakana ya elektroniki kwa uzito uleule wanaopewa wanaoomba pikipiki.

Mitaala mipya inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilianza kutumika Januari 2024, na wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali walioingia kidato cha kwanza mwaka huo watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Hao ndio kundi la kwanza tuliloliahidi rasmi kwamba litasoma kwa mikono. Wakifika mtihani wa mwisho wakiwa wameichora flipuflopu bila kuishika, tutakuwa tumebadilisha jina la elimu na kuiacha ilivyokuwa. Makasha ya vifaa yanaweza kuagizwa muhula huu, na walimu wakafundishwa likizo inayofuata. Anayesimamia elimu Katavi asingoje mwongozo kutoka Dodoma kwa jambo ambalo halikatazwi na sera yoyote, wala bajeti ya mkoa haishindwi kulibeba.